Rell Sunn, Malkia wa Mawimbi ya Makaha

Huenda msomaji akashangaa kwamba mtu anayeandika kutoka Kathonzweni, ambako mchanga tuujuao ni ule wa mito iliyokauka, amechagua kusimulia habari za mwanamke aliyeishi juu ya mawimbi. Lakini walimu wenzangu watakiri kwamba wasichana wetu wanapotafutiwa bingwa wa kuigwa huonyeshwa wanariadha wa mbio pekee, kana kwamba ushujaa wa mwanamke uko miguuni tu.

Rell Sunn alizaliwa mwaka wa 1950 huko Makaha, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Oahu, Hawaii. Jina lake la Kihawaii lilimaanisha moyo wa bahari, nalo lilimfaa, kwani alianza kupanda mawimbi kwa ubao akiwa na miaka minne hivi. Mchezo huo ni wa kale visiwani humo. Zamani ulichezwa na wake kwa waume, watawala kwa raia. Wamishonari waliofika mwaka wa 1820 waliukunjia uso, kama wenzao waliopiga kambi hapa Nzaui mwaka wa 1895 walivyozikunjia uso ngoma za Wakamba. Ulipofufuka katika karne ya 20, wanaume waliutwaa ukawa kama mali yao.

Mashindano ya wanawake yalikuwa machache mno alipokuwa msichana. Sunn hakukaa ufuoni kulalamika. Alijiandikisha katika yale ya wanaume, na mara nyingi akafika fainali. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake waliunda chama cha wanawake waliotaka kulipwa kwa mchezo huo kama wanaume. Katika miaka iyo hiyo akawa mwanamke wa kwanza Hawaii kuajiriwa kuwaokoa watu wanaozama. Isitoshe, alikuwa mpiga mbizi hodari aliyevua samaki kwa mkuki.

Mwaka wa 1976 alianzisha mashindano ya watoto pale Makaha. Pwani hiyo ni ya watu wa hali ya chini, tofauti na ile Hawaii ya mahoteli ya watalii. Kwa maoni yangu, kazi hii inapita vikombe vyake vyote, maana bingwa aliyewarudia watoto wa kijijini kwake ni nadra kuliko bingwa.

Mwaka wa 1983, akiwa na umri wa miaka 32 na akihesabiwa miongoni mwa walio bora kabisa duniani, aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Madaktari walimkadiria mwaka mmoja wa kuishi. Aliishi karibu miaka kumi na mitano. Alipokea matibabu makali yaliyomnyonyoa nywele, akapona, akaugua tena, na kila alipopata nguvu akarudi majini. Katikati ya mateso hayo aliwahimiza wanawake wa pwani yake wajichunguze matiti mapema, wasione haya kumwendea daktari. Haya hiyo twaijua vyema hata sisi, ambao mama zetu huficha uvimbe hadi dawa inapokosa kazi.

Rell Sunn alifariki tarehe 2 Januari 1998, akiwa na miaka 47. Maelfu ya watu walikusanyika ufuoni Makaha kumuaga, na majivu yake yakatiwa baharini, kwenye mawimbi aliyoyapanda tangu utotoni.