Sheikh Ramiya, mtumwa aliyepanda ngazi moja moja

MJI wa Bagamoyo unamkumbuka Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Wengi hawajui kwamba alizaliwa Manyema, mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika.

Akiwa bado mtoto alitekwa na kufikishwa Bagamoyo kama mtumwa, akakulia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Alipopata uhuru alifanya biashara, akanunua mashamba ya minazi, huku akisoma dini kwa masheikh wa pwani. Baadaye naye akafungua chuo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia katika tarika ya Kadiriya. Njia hiyo ina hatua zake, wala hairukwi hata moja. Kwanza ni sheria: sala, funga na kujizuia na maovu. Pili ni tarika yenyewe: mwanafunzi, yaani muridi, humwahidi sheikh wake utii, hupewa uradi na kuhudhuria dhikri. Tatu ni hakika, pale moyo unapomjua Mola. Wabudha nao huanza na maadili, kisha utulivu wa akili, ndipo hekima.

Ramiya alianza kama muridi, akaishia kuwa khalifa. Mji uliomjua mtumwa ukaja kusoma kwake, na mwaka 1916 Waingereza wakamteua kuwa liwali.

Sisi tuliorudi Cibitoke, na wenzetu wa biashara za mpakani, tuna haraka ya kufidia miaka iliyopotea. Ramiya alipoteza kwao akiwa mtoto, na bado hakuruka ngazi.