Alfred Barr na Majalada ya Wachoraji

Wapenzi wa michoro ya kisasa hawalisahau jina la marehemu Alfred H. Barr. Alizaliwa mjini Detroit, Marekani, mwaka wa 1902, mwana wa mhubiri. Mnamo 1929, akiwa na umri wa miaka 27 tu, alifanywa mkurugenzi wa kwanza wa Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Mwaka wa 1943 wakubwa wa jumba hilo walimvua cheo na kumpunguzia mshahara. Mwingine angeshika njia yake. Barr alihamia maktaba ya jumba lilo hilo, akaendelea na utafiti. Alimpelekea Henri Matisse na jamaa zake orodha za maswali, na majibu akayaweka katika majalada. Kitabu chake juu ya Picasso kilitoka 1946, na kile cha Matisse 1951.

Mvumilivu hula mbivu. Mnamo 1947 alikabidhiwa usimamizi wa hazina yote ya michoro, akaushika hadi 1967. Alifariki 1981. Majalada yake yangalimo jumbani, na wasomi huyapekua wamtafutapo Matisse.