Thea von Harbou: Mwandishi Aliyeipeleka Tamaa ya Dhahabu Mwezini

Filamu za bunilizi ya kisayansi zinazosimulia safari za kusaka hazina angani ni nyingi, na mtazamaji huzitambua kwa alama zilezile: fununu ya mali iliyofichika mbali, chombo cha kuifuatia, na msaliti mmoja miongoni mwa wasafiri. Miongoni mwa filamu za mwanzo za aina hiyo ni Frau im Mond, yaani Mwanamke Mwezini, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 15 Oktoba 1929. Jina linalotajwa kila filamu hiyo inapojadiliwa ni la mwelekezi wake, Fritz Lang. Hata hivyo, aliyeibuni hadithi yenyewe, akaiandika kwanza kama riwaya na baadaye kama mswada wa filamu, alikuwa Thea von Harbou.

Thea alizaliwa tarehe 27 Desemba 1888 huko Tauperlitz, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Kabla hajajulikana kwa kalamu alijulikana kwa uigizaji wa jukwaani, na ni katika kazi hiyo alipokutana na mwigizaji Rudolf Klein-Rogge, wakaoana mwaka wa 1914. Mnamo 1918 alichapisha Das indische Grabmal, riwaya ya mapenzi na kisasi inayotendeka India. Baadaye aliingia kwenye ulimwengu wa filamu, na huko akaanza kushirikiana na Lang. Ndoa ya kwanza ilivunjika, naye akaolewa na Lang mwaka wa 1922. Jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji ni kwamba Klein-Rogge hakuondoka: aliendelea kuigiza katika filamu za mtalaka wake na mume mpya, tena mara nyingi akiwa mhusika mwovu.

Kwa takriban miaka kumi na miwili, hapana filamu kubwa ya Lang ambayo Thea hakuwa na mkono ndani yake: Der müde Tod (1921), Die Nibelungen (1924), Metropolis (1927), na M (1931). Pia aliwaandikia waelekezi wengine mashuhuri, Murnau na Dreyer wakiwa miongoni mwao. Wahakiki wana mazoea ya kumsifu Lang kwa yaliyo mazuri katika kazi hizo na kumlaumu Thea kwa yaliyo dhaifu. Uhakiki wa namna hii hauna mizani, kwa kuwa muundo wa hadithi ulitoka mezani pake kabla kamera haijawashwa.

Ubunifu wake unadhihirika vyema katika Frau im Mond. Profesa Manfeldt anawaambia wanazuoni wenzake kwamba mwezini kuna dhahabu, nao wanamcheka hadi anaishia katika ufukara. Msomaji wa Shaaban Robert hatakosa kuwakumbuka wajumbe wa Kusadikika, waliorudi na habari za manufaa wakaambulia kifungo. Miaka mingi baadaye, mhandisi Helius anaunda roketi ya kufika huko. Kundi la matajiri wanaotaka dhahabu yote ya dunia ibaki mikononi mwao linamwibia siri zake na kumlazimisha kumchukua wakala wao safarini. Wanaosafiri pamoja nao ni Friede, mwanamke msomi wa elimu ya nyota. Mchumba wake Windegger, ambaye ni mhandisi. Na mtoto aliyezamia chombo kwa sababu ya kupenda mno hadithi za anga. Manfeldt anaipata dhahabu aliyoiota, na papo hapo anatumbukia shimoni. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wakala naye anakufa baada ya kupigana na wenzake, ila mapambano hayo yanatoboa mitungi ya oksijeni. Hewa iliyosalia haitoshi wote kurudi nyumbani. Lazima abaki mmoja. Kuanzia hapo dhahabu haina uzito tena katika hadithi, na swali pekee ni nani atakayebaki. Kura inamwangukia Windegger, mwenye hofu kuliko wote, lakini Helius anajitolea kubaki kwa siri. Chombo kinapopaa anagundua kwamba Friede pia amebaki.

Kisayansi, filamu hii ni mchanganyiko wa ajabu. Mwezi wake una hewa ya kuvuta, kosa ambalo bila shaka lilihitajika ili waigizaji watende bila kofia za vioo. Kwa upande mwingine, kurushwa kwa roketi kulishauriwa na mtaalamu halisi, Hermann Oberth, na ndiyo maana inaonekana roketi yenye hatua zinazojitenga moja baada ya nyingine. Kwa vile filamu haikuwa na sauti, wakati wa kuruka uliandikwa kwenye skrini kwa tarakimu zinazoshuka, na desturi ya kuhesabu kinyumenyume kabla ya kurusha roketi ikapata umaarufu kutokana nayo. Oberth alikusudia kurusha roketi ya kweli siku ya uzinduzi wa filamu, lakini hakufaulu.

Yaliyofuata ni magumu kusimuliwa na yeyote anayempenda msanii huyu. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka wa 1933, Lang, ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, aliondoka nchini. Ndoa yao ilivunjwa mwaka huohuo. Thea alibaki, akajiunga na chama cha Nazi, akaendelea kuandika. Der Herrscher (1937), ambayo alishiriki kuiandika, inamtukuza kiongozi mmoja asiyepingwa, na utawala uliipa tuzo. Wakati huohuo alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Ayi Tendulkar, mwanahabari kutoka India, na baada ya vita alidai kwamba aliingia chamani ili awasaidie Wahindi waliokuwa Ujerumani. Dai hilo halitoshi kumwondolea lawama. Mwandishi aliyeweza kuona kwamba hazina ya mwezini haina thamani mbele ya uhai wa mtu mmoja alichagua kuutumikia utawala ulioangamiza mamilioni ya watu.

Hata roketi yake ya kubuni ilitumiwa. Tarehe 3 Oktoba 1942, kombora la V-2 lililoruka kwa mafanikio kwa mara ya kwanza huko Peenemünde lilikuwa limechorwa nembo ya Mwanamke Mwezini. Makombora ya aina hiyo baadaye yaliangukia London na Antwerp.

Mwaka wa 1945 Thea alizuiliwa kambini na Waingereza. Alipoachiliwa, alifanya kazi ya kuondoa vifusi vya majengo yaliyobomolewa na mabomu, kisha akarudi kwenye filamu. Katika kiangazi cha 1954 alialikwa mjini Berlin kwenye maonyesho ya Der müde Tod, ile filamu ya mwanamke anayemsihi Mauti amrudishie mpenzi wake. Akitoka ukumbini alianguka na kuumia, na tarehe 1 Julai akafariki akiwa na umri wa miaka 65.

Lang alirejea Ujerumani Magharibi kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi aliyoichagua ilikuwa Das indische Grabmal, riwaya ya Thea ya mwaka wa 1918, aliyoitengeneza kwa filamu mbili zilizotoka mwaka wa 1959.