Apolo Kivebulaya, Mtembezi wa Injili

Wengi wetu tuliingia Kuluba kwa miguu, tukikimbia vita. Leo tumkumbuke aliyetembea akiifuata hatari.

Apolo Kivebulaya, Mganda, alibatizwa mwaka 1895. Mwishoni mwa 1896 kanisa la Toro lilimtuma Boga, ng'ambo ya mto Semliki. Alipita kando ya milima ya Ruwenzori kwa miguu. Huko Chifu Tabaro alimpinga, watu wakakatazwa kumpa chakula, naye akapigwa. Kisha alisingiziwa kifo cha dada ya chifu, akafungwa. Alipoachiliwa, hakuisahau Boga. Alirudi, na Tabaro mwenyewe akabatizwa. Miaka ya 1920 aliingia msituni kwa Wambuti.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliomba chake kielekee magharibi, kwenye msitu, maana safari ya Injili ilikuwa haijaisha.

Ndugu, miguu iliyotukimbiza inaweza pia kutupeleka kwa jirani mwenye njaa ya Neno. Bwana aiongoze. Amina.