Amir Jamal: Waziri aliyeilea shilingi tangu kuzaliwa

Mfanyabiashara wa Masukulu anayepeleka ndizi hadi mpakani Kasumulu huuliza kwanza kwacha inakwendaje, ndipo aulize bei ya mkungu. Ana sababu. Kwacha ilipoanza kutumika nchini Malawi mwaka 1971, kwacha moja ilikuwa sawa na shilingi 8 na senti 57 hivi za Tanzania. Mwaka 2024, kwa bei ya benki, ilikuwa kama shilingi moja na nusu tu. Fedha zote mbili zimeshuka mbele ya dola, lakini kwacha imeshuka zaidi.

Ili kuelewa jinsi bei ya fedha inavyoweza kumjenga au kumbomoa mkulima, inafaa kuyajua maisha ya marehemu Amir Habib Jamal, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati shilingi ya Tanzania inazaliwa.

Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Alisoma hapa nchini, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Calcutta, India. Aliporudi alifanya kazi katika biashara ya familia kabla ya kuingia kwenye siasa. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na mwaka uliofuata akawa waziri. Kwa miaka mingi alikuwa Mbunge wa Morogoro.

Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alimkabidhi Wizara ya Fedha. Wakati huo Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia fedha moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1919. Nchi hizo zikaamua kila moja iwe na benki kuu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei.

Shilingi mpya ilianza kwa nguvu. Ilikuwa sawa kwa sawa na shilingi ya Kenya na ya Uganda. Shilingi 20 zilinunua pauni moja ya Uingereza, na dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni, lakini Tanzania na jirani zake hawakuifuata. Pauni ikawa shilingi 17 na senti 14. Kwa serikali changa, hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Jamal aliondoka Fedha mwaka 1972, akarudi 1975 hadi 1977, kisha akarudi tena mwishoni mwa mwaka 1979. Safari hii alikuta mambo magumu. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, ukame ulikuwa umepiga mashamba, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na vita vya Uganda vilikuwa vimekausha hazina. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka shilingi ishushwe thamani. Mwalimu alikataa, na Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, akajiuzulu.

Jamal ndiye aliyebeba mzigo huo. Mwaka 1980 aliongoza mkutano wa mwaka wa magavana wa IMF na Benki ya Dunia mjini Washington, huku nchi yake ikivutana na shirika hilo hilo.

Hapo ndipo lilipo somo kwa mkulima. Mwaka 1982 dola moja ilikuwa wastani wa shilingi 11 hivi za Kenya, na kama shilingi 9 tu za Tanzania. Kwa maandishi, shilingi yetu ilikuwa na thamani kuliko ya Kenya! Mtaani hali ilikuwa kinyume. Sukari, sabuni na nguo ziliadimika, magendo yakashamiri mipakani, na walanguzi walinunua dola kwa bei ya juu mara kadhaa kuliko ya benki.

Aliyeumia zaidi ni mzalishaji. Kahawa na chai vikiuzwa nje kwa dola 100, kwa shilingi 9 kila dola vinaleta shilingi 900, na hapo bado mamlaka ya zao haijakata gharama zake. Bidhaa za dukani alizinunua kwa bei ya ulanguzi. Shilingi iliyoonekana imara benki ilikuwa ikimkata kimya kimya.

Serikali ilianza kulegeza kidogo kidogo. Jamal alikuwa ameshaondoka Fedha, nafasi yake ikichukuliwa na Cleopa Msuya mwaka 1983. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, dola ilipanda kutoka shilingi 17 hivi hadi karibu 40. Dola 100 za kahawa zikawa shilingi 4,000, lakini mbolea, mafuta na vipuri navyo vikapanda.

Jamal alimalizia utumishi wake akiwa Balozi mjini Geneva, akafariki dunia mwaka 1995 nchini Kanada. Alikuwa amekaa serikalini zaidi ya miaka 20. Bei aliyoilinda haikudumu, lakini hoja iliyomfanya ailinde ingalipo: shilingi ikishuka, maskini hulipa zaidi kwa kila kinachotoka nje.

Mkulima wa Rungwe yuko pande zote mbili za mzani huo. Shilingi ikishuka, chai yake huleta shilingi nyingi zaidi, lakini mfuko wa mbolea nao humsubiri dukani. Naye muuza ndizi, kabla ya kukubali noti za kwacha, apige hesabu ni shilingi ngapi zitakazobaki mkononi akishazibadili. Faida yake haimo katika wingi wa noti.