Chuo Kidogo cha Wangari
Kuna vijana wetu wanaona haya kutaja chuo chao, eti ni kidogo. Mimi huwaambia habari za Wangari Maathai. Mwaka wa 1960 binti huyu wa Ihithe, Nyeri, alipanda ndege kwenda Marekani. Chuo chake kilikuwa Mount St. Scholastica, cha masista Wakatoliki, katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Miaka minne ni darasa, maabara na baridi ya theluji, Krismasi zikipita bila kumwona mama yake. Akahitimu biolojia 1964. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nauliza: faida iko wapi? Ilikuja polepole: Green Belt 1977, miti mamilioni, Nobel 2004. Kijana, usidharau darasa lako. Soma.