Harroy, mtu aliyezipa hifadhi za dunia kipimo kimoja

KASENYI, Kasese — Kijiji cha wavuvi cha Kasenyi kiko kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ngege anayevuliwa hapa hupita kwanza katikati ya mbuga ya swala na simba ndipo afike barabara ya lami inayokwenda Kasese mjini, au Kikorongo na hatimaye Bwera na Mpondwe. Mfanyabiashara anayevuka mto Lhubiriha, akaingia Kasindi na kushika njia ya Beni, hukutana tena na hifadhi nyingine. Hiyo ni Virunga, upande wa Kongo.

Hifadhi hizo mbili zimepakana, na Ziwa Edward liko kwenye zote mbili. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni wanaelewana bila mkalimani. Hata hivyo katika daftari la hifadhi za dunia kila upande una mstari wake, wenye jina, ukubwa, mwaka wa kuanzishwa na hadhi ya kisheria. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuhakikisha mali hiyo inaingia daftarini alikuwa Mbelgiji, Jean-Paul Harroy. Jina lake linakumbukwa zaidi Kigali na Bujumbura kwa mambo mengine, tena machungu.

Msomi wa biashara aliyeingia porini

Harroy alizaliwa Brussels tarehe 4 Mei 1909. Masomo yake ya kwanza katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels yalikuwa ya biashara, si ya wanyama wala mimea. Huenda ndiyo sababu maisha yake yote aliiangalia hifadhi kwa jicho la mtunza hesabu, akitaka kujua ina eneo kiasi gani, watumishi wangapi, fedha kiasi gani na sheria ipi inayoilinda.

Alipoingia kazini katikati ya miaka ya 1930, Ubelgiji ilikuwa tayari na hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Hifadhi ya Albert, ambayo leo inaitwa Virunga, ilianzishwa kwa amri ya tarehe 21 Aprili 1925 ili kulinda sokwe wa milimani, kisha ikapanuliwa hadi Ziwa Edward, bonde la Semliki na miteremko ya Rwenzori. Mwaka 1934 serikali iliunda Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Kibelgiji, na siku hiyohiyo ya tarehe 26 Novemba ikaanzisha Hifadhi ya Kagera nchini Rwanda. Harroy akawa mkurugenzi wa taasisi hiyo hadi mwaka 1948. Katika miaka yake hifadhi za Garamba na Upemba ziliongezwa.

Siasa ya taasisi hiyo ilikuwa kali. Hifadhi ilipaswa kuachwa kama ilivyo, bila kilimo, malisho wala makazi. Familia nyingi zilizokuwa zikiishi humo zilihamishwa, na haki zao za kulima, kuchunga na kuvua zikawa suala la mvutano lisilokwisha. Vijiji vya wavuvi vya upande wa Kongo kama Vitshumbi na Kyavinyonge vinaujua mvutano huo hadi leo, kama vinavyoujua Kasenyi, Katwe na Hamukungu upande wa Uganda.

Mwaka 1944 Harroy alichapisha kitabu kuhusu Afrika kama ardhi inayokufa. Alieleza kwamba rutuba ilikuwa ikipotea, misitu ikiisha na mmomonyoko ukizidi. Hakuwalaumu wakulima wa Kiafrika peke yao. Alionyesha pia kwamba kilimo cha biashara na utawala wa kikoloni vilikuwa vikiichosha ardhi kwa kasi. Kwa afisa wa koloni, na katikati ya vita vya pili vya dunia, kusema hivyo hadharani hakukuwa jambo dogo.

Kutoka Fontainebleau hadi Bukavu

Tarehe 5 Oktoba 1948 wajumbe wa serikali na vyama vya uhifadhi walikutana Fontainebleau, Ufaransa, wakaunda muungano wa kimataifa wa kulinda maumbile. Muungano huo leo unajulikana kwa herufi IUCN. Harroy akachaguliwa katibu mkuu wake wa kwanza, na ofisi ikawekwa Brussels. Alishika kazi hiyo hadi mwaka 1955.

Mwaka 1953 mkutano wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea ya Afrika ulifanyika Bukavu, kando ya Ziwa Kivu. Tatizo moja lilikuwa wazi kwa wote waliofuatilia mambo hayo. Kila serikali ilikuwa na maneno yake. Eneo lililoitwa hifadhi ya taifa katika nchi moja liliruhusu uwindaji, na kwingine lilikataza hata kuokota kuni. Mkataba wa London wa mwaka 1933 ulikuwa umejaribu kufafanua maana ya hifadhi ya taifa barani Afrika, lakini haukuihusu dunia nzima na haukuwa na daftari la kufuatilia.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalielewa tatizo la namna hiyo kuliko watu wengi. Gunia la upande mmoja si gunia la upande wa pili, na debe la Mpondwe laweza kuzua ugomvi Kasindi. Bila kipimo kimoja, haiwezekani kujua nani ana nini.

Miaka saba ya Usumbura

Kabla ya kupata nafasi ya kulishughulikia tatizo hilo, Harroy alipewa kazi nyingine. Mwaka 1955 aliteuliwa gavana wa Ruanda-Urundi, eneo lililokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, makao yakiwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Alikuwa gavana wa mwisho.

Yaliyotokea katika kipindi chake yangali yanajadiliwa kwa uchungu. Mwami Mutara Rudahigwa wa Rwanda alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Novemba mwaka huo ghasia zilienea Rwanda, na utawala ukampa Kanali Guy Logiest madaraka makubwa nchini humo. Utawala wa Kibelgiji ukaegemea vyama vya Wahutu, ufalme ukaondolewa, na maelfu ya Watutsi wakakimbilia Uganda, Tanganyika, Kongo na Burundi. Nchini Burundi, Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilikuwa kimetoka kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, aliuawa kwa risasi Usumbura tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Kiasi gani utawala wa Kibelgiji ulihusika na kifo hicho ni swali ambalo Warundi na wanahistoria hawajaacha kuliuliza. Harroy mwenyewe aliandika vitabu viwili katika miaka ya 1980 kueleza upande wake kuhusu Rwanda na Burundi.

Rwanda na Burundi zilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Wiki hiyohiyo, mjini Seattle, Marekani, mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu hifadhi za taifa ulikuwa ukiendelea. Mbele ya wajumbe palikuwa na kazi ambayo ingekuwa ya Harroy katika miaka iliyofuata.

Daftari la dunia

Kazi hiyo ilianzia Umoja wa Mataifa. Tarehe 22 Aprili 1959 Baraza la Uchumi na Jamii lilipitisha azimio kwamba hifadhi za taifa ni sehemu ya matumizi bora ya mali asili, na kwamba orodha yake itengenezwe kwa dunia nzima. IUCN ikaombwa kusaidia, na toleo la awali likatoka chini ya uongozi wa Mmarekani Harold Coolidge.

Harroy aliporudi Ulaya na kufundisha katika chuo kikuu chake cha zamani, alichukua jukumu la kuandaa orodha kamili. Toleo la Kifaransa lilitoka mwaka 1967, na la Kiingereza mwaka 1971. Kuanzia 1966 hadi 1972 aliongoza pia tume ya IUCN ya hifadhi za taifa.

Haikutosha serikali kudai kwamba ina hifadhi. Eneo lilipimwa kwa vigezo vitatu. Kwanza, liwe na ulinzi wa kisheria unaozuia watu kuvuna mali yake ya asili. Pili, liwe na ukubwa wa kutosha, yaani hekta 2,000 au zaidi mahali penye watu wachache, na hekta 500 mahali penye msongamano. Tatu, ulinzi uwe wa kweli, na hilo lilionekana kwa kuhesabu walinzi waliopo na bajeti inayotolewa kila mwaka. Hifadhi iliyoishia kwenye karatasi tu, bila askari wala fedha, iliachwa nje.

Kigezo cha tatu ndicho kilichobadilisha mambo. Kwa mara ya kwanza nchi changa na nchi tajiri zilipimwa kwa mizani ileile. Uganda, iliyokuwa na hifadhi tatu za taifa wakati huo, yaani Queen Elizabeth, Murchison na Kidepo, ilikaa ukurasani pamoja na Marekani na Ufaransa. Nchi iliyoingia kwenye orodha ilipata hoja ya kuombea misaada, wataalamu na watalii. Nchi iliyoachwa nje ilijua imepungukiwa nini.

Kisichohesabiwa

Lakini mizani hiyo ilikuwa na upungufu wake. Mwaka 1969, mkutano mkuu wa IUCN mjini New Delhi ulikubali maana ya hifadhi ya taifa kama eneo ambalo halijabadilishwa na makazi wala matumizi ya watu, na kuzitaka serikali ziondoe matumizi hayo. Kwa maana hiyo, kijiji kama Kasenyi kilikuwa doa. Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ilivikuta vijiji vya wavuvi vikiwa pale na ikaviacha. Leo vinatajwa kuwa 11. Orodha ilikuwa na nafasi ya hekta, walinzi na bajeti, ila haikuwa na nafasi ya mtu aliyekuwapo kabla ya hifadhi.

Matokeo yake yanaonekana katika maisha ya kila siku. Mkazi hawezi kufungua shamba, idadi ya mitumbwi inadhibitiwa, na tembo au simba akitoka usiku ni hasara ya mwanakijiji. Sheria ya Uganda imejaribu kurekebisha hilo kwa kurudisha asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii jirani.

Daftari lenyewe pia limebadilika. Mwaka 1978 IUCN ilikubali kwamba hifadhi si za aina moja, ikazigawa katika makundi. Mwaka 1994 yakawekwa makundi sita, na la sita linaruhusu matumizi endelevu ya wenyeji. Tangu 1981 kumbukumbu zinatunzwa kwenye kompyuta, na sasa zinahifadhiwa Cambridge, Uingereza, zikiwa na ramani ya mipaka. Orodha ya mwaka 2003 ilikuwa na maeneo 102,102, na ya 2014 ilifikisha 209,429. Siku hizi inaandikwa pia nani anasimamia eneo, na jamii za wenyeji zinaweza kuandikwa kama wasimamizi. Hilo halikuwamo katika orodha za Harroy.

Eneo la Kasese linaonyesha jinsi madaftari yalivyoongezeka. Queen Elizabeth ni hifadhi ya taifa na, tangu 1979, hifadhi ya baiyosfia ya UNESCO. Ziwa George liliingia katika orodha ya ardhioevu za mkataba wa Ramsar mwaka 1988. Milima ya Rwenzori ni urithi wa dunia tangu 1994, na Virunga, ng'ambo ya pili, tangu 1979. Kila hadhi huja na masharti yake, na mara nyingi mvuvi na mchuuzi huyajua siku mzigo unapozuiwa.

Harroy alifariki Brussels tarehe 8 Julai 1995. Miaka miwili baadaye, Rwanda ilipunguza Hifadhi ya Akagera, ileile iliyoanzishwa siku moja na taasisi yake, kwa zaidi ya nusu. Ardhi hiyo ilihitajika kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wakirejea, wengi wao wakiwa wazao wa wale waliokimbia wakati yeye alipokuwa gavana. Katika daftari ilibidi kufutwa tarakimu moja na kuandikwa ndogo zaidi.

Mwezi Desemba 2022, mjini Montreal, nchi za dunia zilikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030. Mwaka huohuo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mpaka wa Mpondwe ukawa wa ndani ya jumuiya. Hifadhi zitaongezwa na ramani zitachorwa upya, nyingine zikivuka mipaka. Kwa wanaoishi kwa samaki wa Ziwa George na soko la Kasindi, hesabu hiyo itaanza upya, na wakati wa kuuliza nani ameandikwa humo na nani ameachwa ni kabla wino haujakauka.